Blanketi Lililonukia Mvua ya Kwanza

"…ni yenyewe, afande, ile ile kabisa, nimenusa mpaka pua inauma, na safari hii imevaliwa na mwanaume!"

Nilikuwa nimeishika simu ya upepo ya kituo kidogo cha Nkoma kwa mikono miwili utadhani itanikimbia. Kule Bariadi palikwaruza kidogo, halafu sauti ya Inspekta Januarius ikaja polepole, sauti ya mtu aliyekatizwa chakula.

"Koplo Jenifer. Ukimaliza kusema, sema ova. Ova."

"Ova, afande."

"Mwanaume gani? Ova."

"Ngassa, manju wa ngoma ya Bagalu. Yuko uwanjani hapa anacheza, watu wamemzunguka mpaka juu ya miti, na ananukia kama Nyamizi. Ova."

Nilimsikia akitafuna.

"Mwanaume kunukia siyo kosa la jinai," akasema. "Gari la mahabusu linaondoka kesho alfajiri kwenda Shinyanga, na Nyamizi yumo. Ukipata ushahidi, ulete. Ukiwa na pua peke yake, rudi ukalale. Mwisho."

Akakata. Konstebo wa zamu, kijana mmoja mtulivu anaitwa Thomasi, akaniuliza kama kuna neno. Nikamwambia kuna neno kubwa mno, akae karibu na hiyo simu asiende kokote.

Lakini nianzie asubuhi, maana nikikumwagia yote kwa mkupuo hutaelewa kwa nini mtu anakimbilia redio kwa sababu ya harufu.

Siku chache nyuma ghala la pamba liliungua hapo Nkoma. Ghala lenyewe la kampuni mpya, mojawapo ya hizi zilizoingia tangu serikali iruhusu watu binafsi wanunue pamba kama vyama vya msingi. Mlinzi wake, Mzee Ngeleja, alifia ndani. Pamba ikiwaka haina maelezo mengi, na ndani ya ghala hakikubaki kitu cha kumuuliza mtu. Kilichopona ni blanketi la mzee, lililokutwa barazani. Wakala wa kampuni, Bundala, alilinyanyua mbele ya askari, akalinusa, akasema, "Hii ni harufu ya Nyamizi."

Na kweli, Nkoma nzima inamjua Nyamizi kwa pua. Ni dada muuza chai pale sokoni. Mume alimwacha mwaka juzi, naye akanunua pafyumu, akaanza kucheka na kila mtu. Wiki ile ile Mzee Ngeleja alikuwa amemfukuza barazani pa ghala alikoweka jiko lake la mkaa, naye akamjibu mbele ya wateja, "Utaungua na hilo ghala lako." Basi. Harufu yake, maneno yake, na jiko lake. Kesi ya kuua.

Inspekta alikuwa na la ziada. Chumbani kwa Nyamizi tulikuta boksi la pafyumu na ndani yake kikaratasi cha Kiingereza. Mimi ndiye niliyetoka chuoni juzi, nikaambiwa nitafsiri. Kilisema manukato hayo ni ya majira ya machipuko, na kwamba mwanamke anayeyavaa ana moyo mwepesi, anapenda kuanza upya, anapenda watu wamfuate, na hufanya jambo bila kulipanga.

"Unaona?" Inspekta akasema. "Bila kulipanga."

"Afande, hicho kimeandikwa na wanaouza."

"Hata daktari anauza. Andika."

Nikaandika. Lakini nilipokuwa nalifunga blanketi kwenye mfuko wa nailoni ili libandikwe namba ya kielelezo, vidole vyangu vikateleza. Pembeni palikuwa na doa la mafuta, na harufu ilikuwa hapo kwenye doa, kwingine hakuna. Nikaomba kidogo pafyumu ya Nyamizi, nikajipaka mkononi. Ilikauka nikiwa bado naitazama, na kufika mchana haikuwapo. Ya blanketini ilikuwa imekaa siku zote hizo, inanukia vile vile. Kuna kitu kilikuwa kimeishika. Asubuhi iliyofuata nikamwambia Inspekta. Akasema nina mpaka kesho alfajiri.

Asubuhi hiyo nilianzia lokapu, kule Bariadi. Nyamizi alikuwa amekaa sakafuni ananyonyesha.

"Afande Jenifer," akasema, "mlinileta kwa sababu nanukia. Sasa humu ndani ninanukia nini?"

"Mikojo ya wenzako."

"Basi niachieni, ushahidi umekwisha." Akacheka, halafu kicheko kikaishia njiani. "Wanasema Shinyanga mtoto akishaacha ziwa wanampeleka kwa ndugu. Mimi sina ndugu wa kumpa. Usiniache nipande lile gari."

"Usiku ule ulipita ghalani?"

"Nilipita kuchukua jiko langu. Mzee alikuwa ameenda kula. Nikachukua jiko, nikaondoka."

"Lilikuwa na moto?"

"Mkaa una bei, afande. Jioni nauzima."

"Ulimgusa mzee au blanketi lake?"

"Nimguse yule? Angenipiga fimbo."

Nikatoka nikaenda dukani kwa Mama Mayala, karibu na stendi. Ni yeye peke yake anayeleta pafyumu ile kutoka Mwanza, nayo inafika Mwanza kutoka Dubai. Watu wanaiita Kijani, kwa sababu ya rangi ya chupa. Mama Mayala alinipulizia shingoni kabla sijamaliza salamu.

"Inanukia nini hiyo?" akauliza.

"Majani mabichi. Na ua jeupe, silijui jina."

"Inanukia siku ile mvua ya kwanza inagusa shamba na wewe hujapanda. Mimi kila nikiifungua nataka kushika jembe."

"Nani wanainunua, mama?"

"Wewe hununui?"

"Mshahara haujaingia."

"Polisi wote mnasema hivyo." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Ni ghali. Kwa huku wateja wake ni watatu. Nyamizi wa Nkoma, huyo alilipa kidogo kidogo. Sista Milembe wa wodi ya wazazi. Na yule mwanaume wa kofia kubwa, alichukua chupa zote zilizobaki. Nikamwuliza, unamnunulia mkeo? Akasema, ninawanunulia watu wote."

"Jina lake?"

"Nilidhani naye mfanyabiashara. Mwanaume akilipa taslimu mimi simwulizi jina."

Nikaanza na Sista Milembe kwa kuwa alikuwa karibu. Nilimkuta anaosha mikono, uso umekunjamana. Nilipomweleza maneno ya kikaratasi alinitazama mpaka nikarudi nyuma.

"Mimi nina moyo mwepesi? Kawaulize waliojifungua jana."

"Samahani, sista. Kwa nini unaivaa?"

"Ninashinda humu na damu na dawa ya kusafishia. Jumapili nataka kunukia kitu ambacho hakijamwuma mtu. Usiku wa huo moto nilikuwa zamu, mganga mkuu alikuwepo. Kuna lingine?"

Halikuwepo. Nilishukuru nikatoka. Nikiwa njiani nikawaza, mmoja anaivaa aanze upya, mwingine anaivaa apumzike, na Inspekta ana kikaratasi kimoja kwa wote wawili. Nikapanda pikipiki ya kituo nikaenda Nkoma, ulikowaka moto, kumtafuta mwenye kofia.

Sikumtafuta sana. Msimu wa pamba ndio msimu wa mbina, mashindano ya ngoma, na siku hiyo Bagalu na Bagika walikuwa wanashindana uwanja wa shule. Unajua sheria yake: ngoma mbili zinapigwa kwa pamoja, kila upande na manju wake anayeimba mbele, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna mwamuzi. Watu wenyewe wanahama. Nilipofika, upande wa Bagika walibaki wazee wachache na mbwa. Wengine wote walikuwa wamembana Ngassa. Kofia kubwa yenye manyoya, kifua kinang'aa mafuta, anaimba anawatania Bagika kwamba ngoma yao inapigwa na mashemeji waliokosa ng'ombe. Upepo ukageuka ukatuletea jasho lake.

Mvua ya kwanza. Kiangazi katikati, vumbi mpaka kwenye meno, na mimi nanusa mvua ya kwanza.

Hapo ndipo nilipokimbilia redio. Sasa tuko sawa, tuendelee.

Ngassa alipumzika nyuma ya darasa, amekaa kwenye kigoda, wake zake wawili wanampepea. Nikamsogelea, nikamwamkia, nikajitambulisha.

"Mwadila, baba. Ni polisi, kutoka Bariadi."

"Bariadi nao wamehama kuja kwangu," akawaambia wakeze. "Mmeona? Kesho Shinyanga." Halafu kwangu, "Una nini, mwanangu?"

"Nataka kujua umejipaka nini."

"Samba."

"Dawa ya kuvuta watu."

"Wewe si umekuja?" Wake zake wakacheka. "Ningeulizwa na mzungu ningeelewa. Wewe ni mtoto wa hapa hapa, babu yako alicheza."

"Ndani yake kuna Kijani ya Mama Mayala."

Hakukasirika, alifurahi kwamba kuna mtu amegundua. "Zamani dawa hii tulitilia ua moja linalotoka mvua ya kwanza tu. Ukilitaka mwezi kama huu, hulipati hata umwage ng'ombe. Ndiyo maana dawa za kiangazi zilikuwa dhaifu. Mwaka jana napita stendi, nasikia ua langu linanukia dukani. Nikanunua lote. Natia kwenye samli na mizizi yangu, samli inalishika mwezi mzima."

Samli. Nilitaka kumkumbatia, lakini nilikuwa na sare.

Niliomba kuona dawa. Akafungua kibuyu kidogo. Mafuta mazito, ya manjano. Nikachukua kidogo kwenye kipande cha nailoni, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, Bwana Nyanda, niliyemwita awe shahidi. Kidole kiliteleza vile vile kilivyoteleza kwenye blanketi.

"Nani mwingine unampa?"

"Samba siyo chumvi. Haigawiwi."

"Hugawi kwa mtu yeyote?"

"Kwa yeyote."

Nikamtazama, nikatazama kule walikobaki Bagika na mbwa wao. "Basi wenzako wameiiba," nikasema. "Mimi harufu hii hii nimeinusa mahali pengine, na kama siyo wewe uliyetoa, watakuwa Bagika wanayo."

Kigoda kilianguka. "Bagika? Wale? Dawa hii nimempa mtu mmoja tu, na hachezi ngoma."

"Anafanya nini?"

"Ananunua pamba."

Mwenyekiti Nyanda akaguna. Ngassa akajua amejikwaa, lakini maneno yalishatoka, na mtu aliyezoea kuimba mbele ya watu hawezi kuyarudisha.

"Bundala alikuja kulia hapa," akasema. "Wakulima wanampita, wanapeleka pamba kwa chama au kwa yule mnunuzi mwingine. Akaniambia, baba, siku hizi kila mtu ana mizani yake, ni kama wewe na Bagika, watu wanaenda wanakotaka. Nikaona ana haki. Nikampa."

"Ulimwelekeza aitumieje?"

"Apake mlangoni, pale watu wanapogusa. Halafu afukize mizani. Anaweka makaa kwenye kigae, anadondoshea dawa, moshi unaila mizani mpaka asubuhi, asifungue wala asimsemeshe mtu habari yake."

"Afukize mizani?"

"Mizani ndiyo inayoita watu."

"Baba, mizani ya Bundala mchana iko nje. Usiku inalala wapi?"

Mke mmoja akaacha kupepea.

"Mimi sikufikiria pamba," Ngassa akasema. "Huwa naiona iko nje chini ya mti."

Kutoka hapo mpaka ghalani ni mwendo mfupi. Mimi, Mwenyekiti Nyanda, na Konstebo Thomasi niliyemtoa kwenye simu, na koleo. Mabati yalikuwa yamejikunja chini, kuta nyeusi. Mlango wa chuma ulikuwa umesimama, upande wa nje rangi haijababuka hata kidogo kwa sababu moto uliukuta ukiwa wazi, umelazwa ukutani. Nilipitisha kitambaa kwenye fremu, upande wa nje, pale mkono unaposhika. Kikatoka na mafuta na vumbi. Nikampa mwenyekiti anuse.

"Nyamizi," akasema, halafu akajisahihisha. "Hapana. Ni hii ya Ngassa."

"Mzee Ngeleja alikuwa anakaa wapi usiku?"

"Hapo. Anaegemea hapo hapo fremu, amejifunika, maana baridi ya mwezi huu siyo mchezo."

Blanketi likapata doa lake. Hakuna aliyemgusa mzee. Mlango ndio uliomgusa.

Mizani ilikuwa imeangukia kona ya ndani, imepinda. Nikamwambia Thomasi achote jivu taratibu kuizunguka, asichimbe kama anapanda viazi. Majivu, majivu, boriti ya chuma, majivu. Halafu koleo likagonga kitu kikalia kama chungu. Nilikitoa kwa mikono. Kigae, kimekaa chali, na ndani yake makaa yameganda pamoja na kitu cheusi kama lami. Makaa yake hayakuwa ya pamba. Yalikuwa makaa ya mti, vipande vizima, ya kuwekwa na mtu.

Mwenyekiti Nyanda alitia saini kwenye lebo ya kielelezo. "Mlikuwa mnapeleka yule binti Shinyanga," akasema.

"Bado tunampeleka, mwenyekiti. Mpaka Bundala aseme."

Bundala alikuwa msibani kwa Ngeleja, anapasua kuni. Thomasi alimwita bila kelele. Alikuja na shoka lake, akaliacha mlangoni pa ghala kwa adabu, akasimama. Mwanaume wa umri wangu, labda kidogo zaidi, macho mekundu. Nikampa onyo lake kama nilivyofundishwa, kwamba halazimiki kusema na akisema itaandikwa. Akaitikia kwa kichwa. Kisha nikamwonyesha kigae.

"Unakijua hiki?"

"Vigae viko vingi."

"Hiki kilikuwa chini ya mizani yako."

"Labda Nyamizi alikitupia humo."

"Nyamizi alikuwa na ufunguo?"

Akajifuta vumbi la kuni mikononi.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi. Na mzee."

"Siku ile ulilinusa blanketi mbele ya askari. Ghala zima linanuka moshi, wewe ukasikia pafyumu. Ulijuaje pa kunusa?"

Akatazama fremu ya mlango. Hakutaka kuitazama, ila jicho lilikwenda lenyewe, na mimi nikalifuata. Nikamwekea kitambaa mkononi.

"Ngassa ameshasema," nikamwambia. "Samli, mizizi, na Kijani. Mlangoni, kisha makaa chini ya mizani. Nataka kusikia kwako jambo moja. Mzee Ngeleja ulimwambia kuna makaa ndani?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo barabarani.

"Ni baba mkwe wangu yule," akasema.

Mimi sikulijua hilo. Mwenyekiti alilijua, akainamisha kichwa.

"Nimemwoa Salu, mtoto wake wa tatu," Bundala akaendelea. "Kazi hii ya ulinzi nilimpa mimi, nikasema mzee asilime tena. Sasa mtu unamsimamia baba mkwe wako unamwambiaje umeenda kutafuta samba? Kwamba watu hawaji kwako, mpaka umetafuta dawa? Kwangu mimi hata kukohoa mbele yake ni shida. Nilisubiri mpaka ameenda kula. Nikapaka, nikaweka kigae, nikafunga. Aliporudi nilimwambia neno moja, baba, leo usifungue mpaka asubuhi."

"Bila sababu."

"Mkwe haulizwi sababu, na yeye hakuniuliza. Alisema sawa."

"Halafu akafungua."

"Aliona moshi." Sasa alikuwa anazungumza na jivu, siyo na mimi. "Watu wanasema alishatoa gunia moja mpaka barazani. Akarudi kuchukua mizani yangu. Angejua ni makaa angemwaga maji pale pale, moto ungekuwa mdogo. Hakujua moto uko wapi. Alikuwa anautafuta."

Thomasi alikuwa anaandika. Nikamsubiri akamilishe.

"Na Nyamizi?" nikauliza.

"Sikusema alichoma. Nilisema inanukia kama yeye. Ni kweli inanukia kama yeye."

"Ulijua inanukia kama nani."

"Nilijua."

"Ana mtoto anayenyonya humo lokapu."

"Na mimi nina mama mkwe," akasema. "Ninapasua kuni zake. Ningezipasuaje akijua?"

Nilimsomea maelezo yake neno kwa neno, akatia dole gumba ingawa anajua kuandika, akasema mkono haushiki kalamu. Tukampeleka kituo kidogo. Akaliacha shoka pale pale.

Simu ya upepo ilikwaruza. Nikasema yote kwa mpangilio, vielelezo, shahidi, onyo, maelezo, na mwisho wa kila sentensi nikaweka ova hata pasipohitajika. Inspekta Januarius hakunikatiza. Nilipomaliza alivuta pumzi.

"Samli," akasema. "Ova."

"Ndiyo, afande. Pafyumu peke yake haina samli. Na huyo manju ndiye mtu pekee anayefanana na kile kikaratasi, anapenda watu wamfuate. Ova."

"Usinichekeshe niko kazini." Lakini alikuwa anacheka, nilimsikia. Halafu sauti ikabadilika. "Nimemtoa Nyamizi kwenye orodha ya gari. Leta huyo Bundala kesho na vielelezo vyote, wala kigae kisivunjike. Yuko mtu hapa anataka kusema. Ova."

Pakasikika mtoto akilia, na Nyamizi akisema kwa nguvu, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Dada Jenifer. Wananiambia niko huru, nashukuru. Lakini niende wapi? Watoto wa Ngeleja walishasema wakiniona Nkoma watanichoma kama nilivyomchoma baba yao. Chumba changu kiko huko, jiko liko huko. Karatasi ya polisi wao wataisoma?" Kisha nikasikia Inspekta akimnong'oneza. "Ova," akamalizia.

Kwa hiyo kazi haikuwa imeisha. Ningemtoa lokapu nikamtupa kwenye mapanga. Nikamwambia akae usiku ule kwa Mama Mayala, kesho nitampeleka mwenyewe Nkoma, na leo kabla jua halijazama msibani watakuwa wameshajua kwamba siye yeye.

Jua lilikuwa limekaribia kabisa kuzama. Nyumbani kwa Mzee Ngeleja wanaume walikaa nje kwenye moto, wanawake upande wa jikoni. Wale vijana wake watatu walinyanyuka walipoona sare. Nikapita, nikaenda kwa mama yao, Nyanjige, aliyekaa kwenye mkeka ameegemea ukuta. Nikapiga goti.

"Mwadila, mayu. Pole na msiba."

"Tumepoa, mwanangu."

"Nimekuja kusema jambo, na nataka vijana wako nao wasikie." Wakasogea. Nikalisema taratibu, mimi ambaye siwezi kuagiza chai bila kuharakisha. "Nyamizi hakumwua mzee. Hakumgusa, wala hakuwasha moto. Tumeona kilichowasha, nimekishika kwa mikono yangu, na mwenyekiti ameshuhudia. Kesho anarudi Nkoma. Akiguswa na mtu wa nyumba hii, nitarudi kumchukua huyo mtu."

Kijana mkubwa alinitazama, kisha akatazama mikono yangu iliyokuwa nyeusi mpaka kwenye viwiko. Akakaa.

"Hakuna atakayemgusa," mama akasema. "Mimi nilikuwa nanunua chai kwake. Anazidisha sukari." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Nani basi, ng'wanone, mwanangu?"

Ilikuwa mdomoni. Siku nzima nilikuwa nakimbiza habari hii kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, na sasa palikuwa na mtu anayestahili kuipata kuliko wote. Nikafungua mdomo. Kutoka jikoni akaja mwanamke kijana, mtoto mgongoni, sahani ya ugali mkononi imefunikwa na nyingine. Alifanana na mama yake pua na paji la uso. Akasimama mbele yangu kwa heshima.

"Afande, mimi Salu. Mume wangu mlimwita tangu mchana awasaidie. Kuni zimeachwa hazijaisha, na hajala toka asubuhi. Mtamwachia saa hizi au nimtunzie?"

Vijana watatu walikuwa pale pale wanasikiliza, na panga la mmoja wao lilikuwa gogoni, la kukatia nyama ya msiba. Mama alikuwa bado ananisubiri. Nikaishika sahani kwa chini, pamoja na mkono wa Salu.

"Mtunzie," nikamwambia. "Leo analala kituoni, yuko mzima, hajapigwa." Nikamgeukia mama. "Leo lala na hilo moja, mayu, kwamba siyo Nyamizi. Mengine yote nitakueleza kesho asubuhi, wewe na Salu, chumbani, sisi watatu tu, na kabla ya hapo sitamwambia mtu mwingine wa nyumba hii."